Safina Hahami

Watu wa Mtwara husema Felista anajua habari za watu kuliko wenyewe. Sikatai. Mimi ni mtaalamu wa maabara, mzaliwa wa Kyela, na serikali ilinipanga kwenye kituo cha afya kilicho karibu na mlango wa mto Ruvuma, mahali ambapo ukichungulia dirisha la maabara unaiona Msumbiji upande wa pili, mikoko kwa mikoko. Nilikuja na begi moja na chandarua, nikaapa nitakaa mwaka mmoja tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi alikuwa Safina. Tulipewa nyumba moja ya watumishi, chumba kwa chumba, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba. Kwa hiyo haya ninayosimulia, nusu niliyaona na nusu niliyasikia, na yote aliniruhusu kuyasema.

"Sema tu, dada Felista," aliniambia. "Ila usinifanye mpole."

Sitamfanya mpole. Mungu mwenyewe hakumfanya.

Safina Nassoro ni muuguzi, binti wa Mikindani kwa baba na wa Nanyamba kwa mama. Ni mrefu, anatembea kama mtu anayewahi gari, na sauti yake haijui kunong'ona. Akiingia wodini, hata mgonjwa aliyekuwa akijifanya amelala hufungua jicho moja. Mama yake alikuwa Mmakonde na alimlea kwa Kimakonde mpaka alipokwenda shule. Alipofariki, lugha ilibaki kwa binti. Wakati huo hakuna aliyejua itakuja kufaa kiasi gani.

Ilikuja kufaa mwaka ule vita vya ng'ambo vilipochachamaa. Watu walivuka kwa mitumbwi, wengine wakiwa na jeraha, wengine wakiwa na njaa tu na miguu iliyochanika. Wengi wao walisema Kimakonde. Mganga wetu alitoka Singida, mkunga Bukoba, mimi Kyela. Kiswahili tulikuwa nacho cha kutosha, lakini mtu aliyekimbia porini na risasi pajani hataki Kiswahili. Anataka aulizwe kwa lugha ya mama yake panapouma ni wapi. Safina ndiye aliyeuliza. Alifunga vidonda, akatundika dripu, akazalisha, na wakati wote huo mdomo wake ulikuwa ukifanya kazi ya pili ya kuwaambia watu wapo wapi na kwamba hapa hakuna atakayewachoma moto.

Sasa Fahad. Fahad alikuwa mwanajeshi, mtu wa Tanga, aliyekuwa na kikosi chake Mtwara kabla ya vita hivyo. Siku moja alimleta mwenzake hospitali ya mjini, ambako Safina alikuwa bado anafanya kazi, akaingia na mabuti yenye tope kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Safina akamtoa nje. Akavua mabuti, akarudi na soksi, moja imetoboka kidole. Safina anasema alimpenda kwa sababu ya kile kidole, maana mwanamume mwingine angesimama nje na fahari yake.

Halafu Fahad akachaguliwa kwenda kulinda amani Lebanoni, na Safina akaomba kuhamia kituo cha mtoni. Mmoja akawa kwenye vita vya watu huko, mwingine kwenye vita vya watu huku.

Kwetu simu ni ya kubahatisha. Mtandao wa ng'ambo huingia ukaumeza wa kwetu, na ukipiga unakatika kabla hujamaliza salamu. Kwa hiyo Safina aliandika. Kwa kalamu, kwenye karatasi, akimaliza zamu. Kisha alizipiga picha kurasa zake, akapanda pikipiki hadi kilimani kwenye mikorosho ambako mtandao unashika, akazituma. Mimi nilimcheka sana. Nilimwambia wenzako wanatuma vikopakopa vyekundu, wewe unatuma insha. Akanijibu kwamba vikopakopa hata mlevi anaweza kuvibonyeza.

Moja ya barua hizo alinisomea yeye mwenyewe, kwa sababu aliipenda:

"Kwako Fahad, mlinda amani wa watu wa mbali. Mimi sijambo, na ningekuwa si mzima ungesikia kelele mpaka huko. Leo kuna mama amejifungulia ndani ya mtumbwi, katikati ya mto, na wanaume waliokuwa ufukweni wakaanza kubishana mtoto ni wa nchi gani. Nikawaambia ni wa mama yake, nipisheni nifunge kitovu. Unaniuliza kama naogopa. Naogopa nikiwa sina kazi. Nikiwa na kazi sina nafasi. Wewe je? Usiniandikie tena kwamba hali ni shwari. 'Hali ni shwari' mwandikie kamanda wako. Mimi niandikie ulichokiona."

Na Fahad akaandika alichokiona. Aliandika kuhusu mzee mmoja aliyekataa kuacha miti yake ya zeituni. Aliandika kuhusu siku king'ora kilipolia wakajibanza handakini, na yeye, mwanamume mzima mwenye bunduki, akamshika mwenzake mkono asiuachie mpaka asubuhi. Safina aliisoma ile akiwa amesimama, kisha akakaa.

Bi Mwanaamina, mama yake Fahad, ni mjane na mtoto wake ni huyo huyo mmoja. Aliposikia kijana amepata mtu, hakungoja arudi. Akatuma ujumbe kutoka Tanga ukiongozwa na baba mdogo wa Fahad, na barua ya posa ndani ya bahasha, na doti za khanga, hadi kwa Mzee Nassoro pale Mikindani. Maneno yao yalikuwa mazuri: nikahi ifungwe kwa wakili, Fahad akiwa huko huko aliko, kisha bibi harusi aache kazi na kwenda Tanga kukaa na mama mkwe mpaka mume arejee. Mzee Nassoro alifurahi. Binti atatoka mtoni kwenye hatari, tena kwa heshima. Akakubali yote, wakala pilau, wakaagana.

Safina alipopata habari alikuja maabara kuniambia. Nilidhani angelia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Dada Felista, wamekula pilau ya bure," alisema. "Wamesahau nina mjomba."

Mimi wa Kyela sikuona kosa liko wapi. Kwetu baba akisema amesema. Ikabidi nielezwe kama mtoto. Kwa Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anamlisha, anampa jina, anamwogopesha. Lakini mwenye neno ni mjomba. Mzee Nassoro alilijua hilo vizuri, maana naye alioa kwa njia hiyo hiyo. Ila mkewe alipofariki, na miaka ikapita, akajisahaulisha.

Mjomba Shabani aliteremka kutoka Nanyamba mwenyewe, na mwavuli wake, akakaa barazani kwa Mzee Nassoro akakataa chai. Safina alikuwapo, na aliyoyasikia ananiigizia mpaka leo.

"Mimi habari za ntoto wetu nazisikia njiani," mjomba alisema, "kwa watu wanaouza viazi vya ming'oko."

"Shemeji, walii ni mimi," Mzee Nassoro akajitetea.

"Walii ni wewe, sikatai, dini imesema. Utamwozesha wewe. Lakini ntoto ni wetu. Na kwetu mwanamke hahami. Nnaume ndiye anakuja kwa nkewe, anajenga, analima, wakwe wanamwona. Wewe mwenyewe, Nassoro, hukulima shamba langu? Au alilima nani, pacha wako?"

Mzee Nassoro akatuma salamu Tanga kwamba waje tena.

Basi wajumbe wa Tanga wakarudi, safari hii wakapanda hadi Nanyamba, na posa ikatolewa upya mbele ya mjomba mwenyewe. Bi Mwanaamina aliwekwa kwenye simu kwa sauti ya juu ili naye asikie. Alisikia, na akajibu: "Kwetu sisi mke humfuata mume. Mume hayupo, basi atanifuata mimi." Mjomba akasema hahami. Bi Mwanaamina akasema anahama. Penye wengi pana mengi; mwishowe wakakubaliana nikahi ifungwe Ijumaa waliyoipanga, na hilo la kuhama aamue Fahad.

Safina akaandika siku hiyo hiyo:

"Fahad, sikiliza. Nakupenda, hilo nilishalisema na silirudii. Lakini sihami. Wala sisemi hivi kwa ajili ya mila ya mjomba, ingawa imenifaa na nimeishika kwa mikono miwili. Sihami kwa sababu watu bado wanavuka. Nikienda kukaa Tanga namenya vitunguu, huku najua kuna mtu kitandani anaita kwa Kimakonde na hakuna wa kumjibu, nitakuwa mke mbaya na mkwe mbaya zaidi. Niambie wewe unasemaje."

Jibu lilikuja fupi. Alisema yeye yuko tayari kuja kukaa Mtwara, hilo kwake si kazi. Lakini mama ana yeye peke yake, na tangu baba yake afariki hajawahi kumwambia hapana. "Yamalizeni wenyewe," aliandika, "nakuomba."

Safina akaitupa simu kitandani. "Mwanajeshi mzima! Anamwogopa mama yake kuliko makombora!" Mimi nikacheka. Yeye akaanza kucheka, kisha akalia kwa hasira, machozi makubwa. Alikuwa anamtaka Fahad kweli, na kazi ile alikuwa anaitaka kweli, na mtu pekee ambaye angeweza kumpa vyote viwili alikuwa amejificha nyuma ya neno "mama". Nilimpa ncha ya khanga yangu ajifute. Alijifuta, akasema, "Haya. Nitayamaliza."

Ijumaa ikafika. Bi Mwanaamina alikuwa amekuja Mikindani kwa basi, mwanamke mdogo wa umbo, na mkobani alikuwa tayari na tiketi ya bibi harusi ya kwenda Tanga Jumapili. Aliionyesha kila mtu. Safina alipakwa hina mikononi hadi kwenye viwiko. Shehe na mashahidi walipokuja mlangoni kumuuliza kama ameridhia, mila ya huko ni bibi harusi aone haya, anyamaze, au alie kidogo, na kimya chake kihesabiwe ndiyo. Safina alisema "Nimekubali!" hadi wanaume waliokuwa nje wakaangua kicheko. Wazee wakasema astaghfirullah, lakini walikuwa wakitabasamu.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa kwenye zamu, kwa kuwa ndiye niliyejitolea kubaki ili Waislamu wa kituo waende harusini. Na asubuhi hiyo hiyo mitumbwi ikaingia, mmoja nyuma ya mwingine. Kulikuwa na mama mjamzito mwenye jeraha la panga begani, amepoteza damu, na kila tulipomgusa alipiga kelele na kutusukuma. Mganga alimwuliza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata kwa ishara. Mama yule alikuwa anatuogopa sisi. Nikatoka mbio hadi kilimani kwenye mikorosho nikampigia Safina. Sikusita, na leo ningepiga tena.

"Pole na harusi," nilimwambia. "Kuna mama atakufa mikononi mwetu, hatuelewi anachosema."

"Nakuja," alisema. Hakuuliza kingine.

Alikuja na gari la binamu yake. Dhahabu aliivulia njiani, sare aliivalia kiti cha nyuma. Alivaa glovu juu ya hina iliyokuwa bado haijakauka, akaingia chumba cha kujifungulia, nikasikia sauti yake ile isiyojua kunong'ona ikisema maneno ya Kimakonde, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi yule mama akaacha kupiga kelele. Wakati huo huo, baada ya swala, huko msikitini Mikindani, baba mdogo alikuwa anaitikia kwamba amekubali ndoa kwa niaba ya Fahad. Bwana harusi yuko Lebanoni amevaa kofia ya chuma, bibi harusi yuko mtoni amevaa glovu, na waliokula pilau ni wengine kabisa. Ndoa ilikuwa imetimia, na mtoto wa yule mama akazaliwa mzima.

Alasiri likaja gari la kukodi, Noah, akashuka Bi Mwanaamina, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Yuko wapi mkwe wangu?"

"Yuko kazini."

"Kazini, siku ya harusi yake?"

"Mama, hawa hawakujua kuna harusi," nikamwambia, nikamwonyesha ukumbi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Hakukuwa na benchi wala kiti, na yeye alikuwa mtu mzima, kwa hiyo akakaa mkekani, kando ya bibi mmoja aliyetoka mwambao wa ng'ambo. Bibi yule alikuwa anasema Kimwani, lugha iliyo karibu na Kiswahili. Ukitulia, unaipata nusu. Tangu avuke alikuwa akimshika kila apitaye na kumwuliza habari za mwanawe waliyepoteana naye ufukweni. Akamshika Bi Mwanaamina kifundo cha mkono, akamwuliza na yeye. Mimi nilikuwa mlangoni na vichupa vya damu mkononi. Nilimwona yule mwanamke aliyekuja kupigana akibaki pale na mkono wake umeshikwa. Baadaye alifungua mkoba akatoa khanga mpya ya harusi, akamfunika bibi yule miguu.

Safina alipotoka, mama mwenye jeraha alikuwa amekwisha pakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali ya mjini, yeye na kichanga chake. Sare yake ilikuwa na damu, na hina ilikuwa imevurugika mikononi. Akamwona mama mkwe wake mkekani. Akasimama wima.

"Shikamoo, mama. Najua umekasirika, na una haki. Lakini Jumapili siendi. Nakwambia mapema ili uirudishe tiketi."

Bi Mwanaamina alimtazama tangu viatu hadi ushungi.

"Kaa," alisema.

Safina akakaa.

"Unafikiri nataka mtu wa kunipikia? Mimi napika mwenyewe, na nakushinda." Akauweka mkoba mapajani. "Wewe, Fahad anakuandikia. Baba yake mdogo kaniambia, kurasa kwa kurasa. Mimi hunipigia simu. 'Mama, shikamoo, sijambo, huku shwari.' Simu inakatika. Nikasema, mkewe akiwa ndani ya nyumba yangu, zile barua zitakuja kwangu. Hata nisiposomewa. Nitautazama uso wako ukisoma, nitajua mwanangu yukoje."

Safina alifuta mikono, akatoa simu mfukoni, akatafuta. Kisha akasoma, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, ile barua ya king'ora na handaki.

Bi Mwanaamina alisikiliza bila kutikisika. Ilipofika pale pa mkono, akaziba mdomo kwa ushungi.

"Alimshika nani?"

"Mwenzake, mama."

"Mungu ampe umri mrefu huyo mwenzake," alisema, na machozi yakamtoka.

Yule bibi wa ng'ambo alikuwa bado kamshika mkono. Kisha Safina akaniomba karatasi na kalamu, nikamletea, akaiweka juu ya goti.

"Haya mama, sema wewe. Mimi naandika."

Bi Mwanaamina akakohoa. "Mwambie mama hajambo, anakusalimu."

"Hilo unalisema kwenye simu."

Bi Mwanaamina alitazama mto kupitia mlango uliokuwa wazi. Mtumbwi mwingine ulikuwa unakaribia, na watu wa kituo walikuwa wanateremka kuupokea.

"Andika, mkeo nimemwacha kazini kwake. Ukirudi, uje huku."

Kalamu ikasimama.

"Andika, mbona umeacha? Au hujui kuandika?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Na andika, mama yako anaogopa. Kila siku anaogopa."

Safina akaandika yote mawili.